Wifi Temaleti Alivyolitamka Neno Ukumbini

Mume wangu Uaisele ni mtu wa heshima, na hapa kisiwani Fatumoana heshima ya mwanaume inapimwa kwa maneno ambayo hawezi kuyasikia mbele ya dada yake. Mapenzi, hapana. Chupi, hapana. Mimba, hata ya nguruwe, hapana. Tangazo la sidiria likitokea kwenye televisheni na dada yake yupo sebuleni, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Kuna siku dada zake wote wawili walikuwa wamekaa mlangoni wakisuka mkeka, tangazo likaja, na Uaisele, msimamizi wa kanisa, kilo mia na ishirini, akatoka kwa kupitia dirishani. Aliangukia kwenye mananasi. Dada zake waliendelea kusuka kana kwamba wanaume hutoka hivyo kila siku.

Dada hao ni wifi zangu. Temaleti ndiye mkubwa wa wote, mjane, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka kijiji cha pili. Fusipala, tuliyemwita Fusi, alikuwa kitinda mimba, mwembamba na mwenye haya. Na kwetu wifi ni bosi. Binti yangu alipoolewa tulioka keki ya ghorofa tatu, na ghorofa ya juu yote, pamoja na vitambaa viwili bora vya magome ya mti, vyenye michoro, nilivyoviponda kwa mkono wangu mwaka mzima, vilikwenda kwa Temaleti kwa sababu yeye ni dada wa baba wa bibi harusi. Sikulalamika. Yaani nililalamika, lakini jikoni.

Fusi alipopata uvimbe aliniambia mimi. Tulikuwa tunaanua nguo. Akanishika mkono, akauweka ubavuni mwa titi lake la kushoto, nikahisi kitu kigumu, kidogo kama gololi. Akaniambia, "Wifi, niapie kaka hatajua." Nikaapa. Nilimwambia aende kwa daktari, na kwa kweli alikwenda. Lakini mwenye gari katika ukoo wetu alikuwa Uaisele peke yake, na Uaisele akimpeleka dada yake hospitali haondoki mlangoni mpaka dada amalize. Alikaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka pazia, na pazia lile lilikuwa jembamba kuliko neti. Walipomuuliza Fusi anaumwa nini, akasema tumbo. Akarudi na dawa ya tumbo. Baada ya miezi mitatu wakaenda tena, benchi lile lile, pazia lile lile, akarudi na dawa ya tumbo chupa kubwa zaidi. Mara ya tatu alibebwa, na madaktari hawakuhitaji kumuuliza kitu.

Tulimzika akiwa na miaka arobaini na saba. Temaleti aliambiwa ukweli na daktari. Uaisele aliambiwa ni "ugonjwa wa kifua", na kaka mwenye adabu hachimbi zaidi ya hapo.

Ila aliposikia kifua, Uaisele alielewa mapafu. Alikuwa amevuta sigara miaka thelathini, na alivuta ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu Fusi hakupenda upepo. Siku ya tatu baada ya mazishi alikwenda nyuma ya nyumba akachoma tumbaku yake yote, na pakiti tatu ambazo hazijafunguliwa. Hakueleza kitu. Mimi nilijua anachofikiri. Nilijua kabisa, na nilinyamaza. Nilijiambia naheshimu kiapo cha marehemu. Ukweli mwingine ni kwamba nyumba yangu iliacha kunuka kama jiko la moshi, na meno ya mume wangu yalianza kurudi kwenye rangi yake. Niliona hiyo ni faida.

Mwaka ukapita. Siku moja ya Alhamisi tulikuwa kumi na mmoja tumekaa chini kwenye banda la Temaleti, tukigandisha vipande vya magome kuwa kitambaa kimoja kirefu, mikono imejaa uji wa kubandikia. Ndipo akaja nesi mpya wa kituo cha afya, Akosita, binti wa miaka ishirini na sita mwenye viatu vya mpira vya rangi ya chungwa. Akaomba dakika kumi tu azungumze nasi kuhusu saratani ya matiti. Alilisema hivyo hivyo, waziwazi. Wanawake wawili waligeuka haraka kuangalia kama kuna kaka yao karibu.

Akosita alituambia kwamba mwanamke anayefanya mazoezi mara kwa mara, hatari yake ya kupata saratani ya matiti hupungua. Akarudia neno hupungua mara mbili, akasema hakusema huisha. Alieleza kwamba mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwilini ndiyo hubaki yakitengeneza homoni ambayo inaweza kuilisha saratani, na mwili unaotembezwa huwa na homoni hiyo kidogo. Nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Hepisipa, ambaye ana miaka sabini na moja na hajawahi kuacha jambo lipite hivi hivi, alinyoosha nyundo yake ya kupondea magome. "Mwanangu, mimi naponda magome tangu nina miaka tisa. Hayo si mazoezi?"

"Ni kazi nzito, bibi, na inasaidia," Akosita akasema. "Lakini unaifanya umekaa. Unaotumika ni mkono wa kulia tu."

Hepisipa akajitazama kifuani, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. "Basi la kulia limepona. Tushughulikie hili la kushoto."

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Temaleti hakucheka. Alisubiri tumalize, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mdogo wangu angefanya hayo, angekuwepo?"

Akosita alikuwa anamjua Fusi kwa faili tu. Angeweza kusema ndiyo na tungemwamini. Alisema, "Mama, sijui. Hakuna anayeweza kukuambia hivyo kuhusu mtu mmoja. Wembamba pia huumwa. Mazoezi ni jambo moja, kuwahi hospitali ni jambo la pili, na la pili ndilo lingemsaidia zaidi."

Nilitazama chini, nikabandika kipande juu ya kipande kingine mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Temaleti aliosha mikono. Alitangaza kwamba tutaanza Jumatatu alfajiri, wote, na asiyekuja asitegemee yeye kumsaidia kubandika. Mimi nilijaribu kusema nina magoti. Aliniambia, "Kila mtu ana magoti, Kalolaine. Yako yamezoea kukunjwa tu." Wifi akishasema, limesemwa.

Jumatatu tukatoka. Tulivaa jezi za raga za waume zetu na sketi ndefu chini, maana hatukutaka mchungaji apate ugonjwa wa moyo. Tulitembea barabara ya pwani tukielekea shule, kumi na mmoja tumejipanga kama ng'ombe wanaokwenda mnadani. Wanaume waliokuwa wanatoka shambani walisimama kututazama. Mmoja aliuliza ni mazishi ya nani. Siku ya pili mbwa wa nyumba ya karibu na duka walitufukuza, na siku hiyo tuliongea bila kuweza kuimba kwa kweli. Siku ya tatu jike la nguruwe lenye watoto liliamua kwamba Hepisipa ndiye adui yake. Siku ya nne mbwa akaondoka na kiatu cha mtu. Siku ya tano mvua ikaanza, na ikanyesha wiki mbili.

Akosita akashauri tufanye ndani. Mahali penye nafasi palikuwa pamoja tu, ukumbi wa kanisa, wenye sakafu ya mbao iliyokuwa imepakwa vanishi mwezi uliopita. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyumbani kwangu, kwa sababu msimamizi wa kanisa ni mume wangu.

Ningeweza kumwomba. Lakini angeuliza wa nini, na ningejibu mazoezi, naye angeuliza mazoezi ya nini, na mimi si mwongo mzuri. Kwa hiyo asubuhi, akishakwenda kwenye shamba lake la viazi vikuu, nilichukua ufunguo, tukaruka saa nzima, nikaurudisha kabla hajarudi. Tulifanya hivyo wiki tano. Akosita alileta spika ndogo. Nyimbo zake za mjini zilikuwa na maneno ambayo hata sisi tuliona haya, kwa hiyo Temaleti alimwagiza mpwa wake aliye Nyuzilandi atutumie nyimbo za dini zilizotiwa ngoma. Kuna wimbo mmoja wa Pasaka, wa kaburi kuwa tupu, ambao ukiuongeza kasi unafaa sana kwa kutikisa nyonga. Mungu anisamehe, sijawahi kufurahia ufufuo kiasi kile.

Nilianza kujisikia mwepesi. Niliweza kupanda ngazi za duka bila kushika ukuta. Sketi yangu ya Jumapili, niliyokuwa naifunga kwa pini na sala, ilifungika kwa kifungo chake. Hepisipa alisema analala kama mtoto na anakula kama mchungaji. Temaleti alikuwa mbele kila siku, akiruka mpaka madirisha yanalia, jasho likimtiririka. Mara mbili nilimwona amegeuka ukutani akifuta macho, akisema ni jasho.

Mke wa mchungaji alitugundua. Alipita nje, akasikia wimbo wa Pasaka unakwenda mbio, akachungulia, akaona Hepisipa ameshika kiuno. Jumapili hiyo mchungaji alitangaza kwamba Ijumaa mchana kutakuwa na kikao cha kanisa kuhusu matumizi mabaya ya ukumbi.

Uaisele alinitazama kanisani, akatazama kidole changu ambacho nilikuwa nimekitumbukiza bila kujua kwenye pete ya ufunguo wa ukumbi, uliokuwa kati yetu kwenye benchi. Nyumbani aliniuliza kama ni mimi. Nikakubali. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia amuulize dada yake. Akaniambia najua vizuri kwamba kama ni jambo la wanawake hawezi kumuuliza dada yake, na kwamba nimemtega. Alikuwa na haki.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa viti vya mbele, wanawake mikekani nyuma. Uaisele alisimama mezani akiwa amejifunga kiunoni mkeka wake mzuri, ule ambao wanaume wa hapa huuvaa kwenye sherehe, akakiri mbele ya watu kwamba mke wake ameiba ufunguo na kwamba aibu ni ya nyumba yake. Mchungaji akasema hataki kumhukumu mtu, anataka kuelewa tu. Akaomba kina mama waeleze kilichokuwa kinaendelea.

Hepisipa akasema ni afya.

"Afya ipi?" mchungaji akauliza.

"Ya mwili," akasema Hepisipa.

"Mwili una sehemu nyingi, bibi."

"Ndiyo hizo hizo," akasema Hepisipa, akakaa.

Kule nyuma Akosita alinyoosha mkono, lakini mama mmoja aliushusha. Kila mmoja wetu alijua tatizo. Uaisele alikuwa mbele, Temaleti alikuwa katikati yetu, na neno lenyewe halingeweza kusemwa mpaka mmoja wao atoke. Tukamsubiri Temaleti. Ndivyo mambo yanavyokwenda, mtu anakumbuka ana sufuria motoni.

Temaleti akasimama. Watu wakavuta miguu wampishe njia. Hakwenda mlangoni. Alibaki pale pale, mikono imeshika sketi pande zote mbili, akamtazama kaka yake usoni.

"Kaa kwanza, Uaisele," akasema.

Uaisele hakukaa. Macho yake yalikwenda dirishani, na nadhani kama pasingekuwa na nyavu za mbu angepita.

"Tunaruka kwa ajili ya matiti," Temaleti akasema. "Nesi anasema mwanamke akifanya mazoezi, saratani ya matiti inampata kwa shida kidogo. Kidogo tu. Mimi nimeichukua hiyo kidogo."

Mzee mmoja wa mbele aliinua Biblia yake akaifungua usoni kama mwavuli.

"Na nasema mbele yako," akaendelea, "kwa sababu Fusi hakusema. Hakufa kwa mapafu. Alikufa kwa titi. Alikuwa na uvimbe mwaka mzima, na mara mbili ulimpeleka, na mara mbili alisema tumbo, kwa sababu wewe ulikuwa kwenye benchi. Hukufanya kosa. Ulikuwa kaka mzuri. Wote tulikuwa na adabu nzuri sana, na tumemzika na adabu yetu."

Akakaa. Uaisele aliiweka karatasi yake ya ajenda mezani, akainyoosha kwa kiganja mara mbili tatu. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa maji. Mchungaji alitafuta la kusema, akafunga kikao kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali.

Mume wangu alikwenda moja kwa moja shambani. Alirudi jioni akiwa na udongo mpaka mapajani. Aliuliza swali moja tu, amesimama mlangoni, hajavua hata kofia.

"Wewe ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia alinishikisha mkono, nikamwambia na siku yenyewe. Sikuona maana ya kukata ukweli vipande.

"Nilichoma sigara zangu," akasema. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Kila Jumapili nakwenda kaburini kumwomba msamaha kwa moshi. Mwaka mzima, Kalolaine. Unanipa na shada la kupeleka."

Nilikuwa na visingizio vya kutosha, kiapo, heshima, dada yake mkubwa ambaye pia alinyamaza. Nilipovitafuta mdomoni vyote vilikuwa na ladha ya dawa ya tumbo. Nikasema tu kwamba nilikosea. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kopo la nyama ya ng'ombe kabatini na kijiko, akaenda kula chini ya kibanda cha shambani. Alikula nyama ya kopo siku sita. Kwa mwanaume wa huku hiyo si adhabu, ni sikukuu, lakini aliila peke yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya saba alikwenda kituo cha afya. Akosita alinisimulia baadaye. Uaisele aliomba mlango ufungwe, akatoa daftari la mahubiri, akauliza maswali kwa saa moja na nusu na kuandika majibu yote. Aliuliza uvimbe unachukua muda gani kukua. Aliuliza kama ungegunduliwa mapema kungekuwa na dawa, na nesi alimwambia ukweli, kwamba mara nyingi ndiyo. Hapo hakuandika. Kisha akauliza kama moshi wa sigara ulichangia. Akosita akamjibu kwamba sigara haimfai mtu yeyote, lakini hakuna anayeweza kusema gari lake ndilo lilimuua dada yake. Mwishoni akauliza kama wanaume nao wanaweza kupata. Akajibiwa kwamba wanaweza, ila mara chache sana. Alirudi nyumbani mkono wake mmoja ukiwa ndani ya shati, anajipapasa, na akaniomba chakula. Nikampa. Sikucheka, na kwa hilo nastahili kusifiwa.

Asubuhi iliyofuata ufunguo wa ukumbi ulikuwa mezani, umefungiwa karatasi. Aliandika kwamba ukumbi ni ruhusa Jumanne na Alhamisi, viatu vivuliwe kwa ajili ya vanishi, na wimbo wa Pasaka usichezwe kabla ya Pasaka. Siku nyingine tatu tulirudi barabarani. Na barabarani tulimkuta yeye. Alikuwa hatua hamsini mbele yetu, na fimbo ndefu, akitembea bila kugeuka nyuma hata mara moja. Mbwa wakitoka, anawashughulikia. Nguruwe akitokea, anamwelekeza kwao. Tukisimama kupumua, anasimama naye, anatazama bahari. Aliyekuwa anauliza ni mazishi ya nani hakuuliza tena.

Yeye na Temaleti hawajawahi kulizungumza jambo lile ana kwa ana, na sidhani kama watalizungumza. Wanatumia mdomo wangu. Temaleti akiwa hatua tano kutoka kwake, Uaisele huniambia, "Mwambie dada kule mbele barabara ina tope." Temaleti naye huniambia nimwambie kaka kwamba dada yake ana macho. Mimi nafikisha. Ni kazi ya kudumu.

Mwezi wa tisa, Akosita alipanga twende sote hospitali kuu kupimwa. Uaisele alileta lori la kanisa bila kuombwa, akatandika mikeka nyuma. Mlinzi wa getini aliuliza tumekuja kitengo gani. Uaisele, ambaye alikuwa amejiandaa, alimpa karatasi iliyokunjwa. Alidhani mlinzi ataisoma kimoyomoyo kama mtu mwenye malezi. Mlinzi akaifungua na kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Wanawake kumi na mmoja, matiti!" Uaisele alishika usukani, akatazama mbinguni, na masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Lakini hakushuka. Nyuma, Temaleti alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika, na safari hii nina hakika kilikuwa kicheko.

Kumi tulikuwa salama. Hepisipa aliitwa tena kwa ajili ya kitu upande wa kulia, tukakaa wiki nzima bila utani, na ikaonekana ni maji tu. Alisema alijua, maana upande wa kulia ndio aliofanyia mazoezi.

Siku alipopata majibu tulikaa nje ya ukumbi tukila keki za kukaanga kwa chai, jambo ambalo Akosita alijifanya hakuliona. Temaleti alimuuliza nani kati yetu mazoezi yamemwokoa. Nesi akasema hilo halijulikani. Ukichukua wanawake wengi sana, akasema, wanaofanya mazoezi wataumwa wachache kuliko wasiofanya, lakini yule ambaye angeumwa na hakuumwa hatajua kamwe. Anaamka, anakunywa chai yake, anakwenda zake.

Kisha Temaleti akasema ikiwa ni hivyo, basi ni yeye. Hepisipa akasema haiwezekani, mtu wa ghorofa ya juu ya keki hawezi kuchukua na hili. Wakabishana, na wengine wakaingia, kila mmoja na sababu zake za kuwa ndiye aliyeokolewa, mmoja akitaja uzito, mwingine akitaja mama yake na shangazi zake. Sikudai. Nilikuwa namfikiria mwanamke ambaye angekuwa anabishana nasi pale kwa sauti yake ndogo, na nikaona kwamba Uaisele, aliyekuwa anafagia ngazi mbali kidogo, ameacha kufagia na anasikiliza. Dada yake alikuwa pale, na neno lilikuwa linatajwa kila sentensi ya pili. Aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akaniita, akaniambia nimwambie dada yake kwamba chai imepoa, kama wanataka nyingine yeye atachemsha.

Nikamwambia Temaleti. Temaleti akasema nimwambie aweke na sukari.